Fundi Safi na Kanda ya Kelele

Ukitaka kumuudhi Fundi Safi, huna haja ya kumtukana. Mpelekee spika iliyochanika, mwambie, "Inaongea hivyo hivyo, usihangaike nayo," kisha simama pembeni uone. Atakukunjia uso kana kwamba umemletea mtoto mwenye homa ukasema aachwe tu. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika mtaani. Neno lake lilikuwa moja kwa miaka thelathini na mmoja: safi. Redio ikipona, safi. Mteja akishukuru, safi. Chai ikiwa na sukari ya kutosha, safi vilevile.

Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, bega kwa bega na kibanda cha fundi cherehani mmoja asiyejua kunyamaza. Ndani mlikuwa na meza ndefu, harufu ya solda, deki tatu za kanda, kompyuta ya zamani na spika mbili za majaribio zilizomfika mtu kiunoni. Watu walimletea redio na amplifaya mbovu, lakini sifa yake hasa ilitokana na kanda. Hotuba ya harusi, mahubiri, salamu za babu aliyekwisha kufa: ulimletea kanda chakavu inayolia shiii, naye alikurudishia sauti ya mtu wako imesimama peke yake, bila shiii, bila kikohozi, bila pikipiki iliyopita siku hiyo. Watu wazima walilia pale mezani wakiwasikia wazazi wao. Aliwaacha walie, yeye akijifanya anatafuta bisibisi.

Nyuma ya chumba hicho, ng'ambo ya pazia, ndiko alikoishi na mkewe na watoto wao wawili. Juu ya pazia alifunga taa ndogo nyekundu. Taa ikiwaka, fundi anarekodi wateja waliokuja kusema hotuba na salamu zao mbele ya maikrofoni, na nyumba nzima inabana pumzi: viatu vinavuliwa, vyombo vinapelekwa kuoshewa nje, mtoto anapiga chafya ndani ya mto. Na taa ile iliwaka sana. Majirani walimsifu fundi kwa kupata mke mtulivu, mwanamke asiyepaza sauti. Mimi nauliza tu, nani angepaza sauti chini ya taa ile?

Mkewe alifanya kazi kiwanda cha nguo, chumba cha kufuma, miaka ishirini na miwili. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni na nyuzi za pamba kwenye nywele. Kifua kikamsumbua, kikamlaza, kikamwondoa. Ilikuwa imetimia miaka miwili tangu wamzike.

Jumatatu moja asubuhi, fundi akiwa anakaza skrubu ya redio, alijaribu kukumbuka jinsi mkewe alivyokuwa akimwita kula. Alikuwa akimwita "Bwana Mkubwa", kwa utani, hasa chakula kilipokuwa kimepoa. Maneno yalikuja. Sauti haikuja. Alifumba macho akajaribu tena, na alichosikia ni maneno yale yale yakisemwa na sauti yake mwenyewe. Aliweka bisibisi chini. Aliogopa, na hofu ile haikumtoka tena: alikuwa anampoteza mke wake mara ya pili, na safari hii kosa lilikuwa lake.

Maana hakuwahi kumrekodi. Mtu aliyehifadhi sauti za mtaa mzima hakuwa na neno hata moja la mkewe. Akajipa moyo kwamba huenda kuna mahali sauti yake iliponaswa kwa bahati mbaya, akashusha makatoni manne ya kanda zake za zamani, akaanza kusikiliza moja baada ya nyingine. Wiki tatu alikula kwa mkono mmoja huku wa pili ukishikilia hedifoni. Alisikia maharusi, wahubiri, wazee wa kamati. Na kila baada ya muda alisikia kitu kidogo, tk, mahali kanda ilipokatwa na kuunganishwa. Mwanzoni hakukijali. Kisha akakumbuka. Hapa, katikati ya hotuba ya baba wa bwana harusi, mkewe aliingia kuuliza chumvi imewekwa wapi, naye akakata kipande kile cha kanda akamtoa. Pale aliangusha kifuniko akasema "Samahani". Tk. Pale alikohoa. Tk. Alikuwa amemwondoa mwenyewe, mara kwa mara, kwa ustadi mkubwa.

Siku hiyo hakumaliza kazi. Alimpigia simu bintiye, muuguzi anayeishi upande wa pili wa mji, akamweleza yote.

"Baba, mbona mama yumo kwenye kanda ya mdogo wangu?"

"Kanda gani?"

"Ile ya makelele."

Hapo sharti turudi nyuma miaka tisa, kwa sababu makelele yale ndiyo yaliyomtoa mtoto wa kiume wa fundi nyumbani.

Kijana wa fundi alipenda muziki wa roki kali unaoitwa metali nyeusi, na si metali nyeusi ya kawaida, bali tawi lake la kelele. Gita linapigwa haraka haraka mpaka nyuzi haziachani tena, ngoma zinakimbia chini yake, mtu anapiga yowe kwa mbali kana kwamba yuko chumba cha tatu, na juu ya yote hayo wanamwaga ghasia za makusudi: redio isiyoshika stesheni, bati linaloburutwa, mngurumo wa waya mbovu. Wanaoupenda husema kuna huzuni kubwa mle ndani, ila lazima uukalie kwa muda kabla haujakupokea. Kijana na rafiki yake mpiga ngoma walijifungia chumba cha nyuma, wakipiga na kujirekodi kwenye kanda, kila fundi alipokuwa ametoka, kwa sababu fundi akiwepo hapakuwa na la kujadili.

Ili sauti itoke imepasuka, kijana alichukua wembe akachana karatasi ya spika ya amplifaya yake. Fundi aliikuta hivyo mwanawe akiwa hayupo. Akadhani ni panya. Alimhurumia mtoto wake, akaacha kazi za wateja siku mbili nzima, akabandua karatasi ile, akaweka mpya, akaipanga koili, ule mviringo wa waya, katikati kwa uangalifu wa mtu anayetia uzi kwenye sindano, akajaribu: safi. Akairudisha kando ya kitanda cha kijana bila kusema kitu, ili iwe zawadi ya kushtukiza.

Kijana alichomeka gita, akapiga mara moja, akatoka mpaka mezani.

"Nani kaigusa?"

"Mimi, mwanangu. Panya walikuwa wameimaliza."

"Si panya, baba. Niliichana mwenyewe."

Fundi alimkodolea macho. "Mtu mwenye akili timamu anachana spika?"

"Ile ndiyo ilikuwa sauti yangu."

"Ile si sauti," fundi alisema, na alisema mbele ya wateja. "Ile ni takataka."

Kabla ya mwezi kwisha kijana alihamia mji mwingine kujifunza kuchomelea mageti. Amplifaya aliiacha. Alirudi kumzika mama yake, akamsalimu baba yake salamu kamili, na zaidi ya salamu hawakuwa na kitu. Fundi alijifariji kwa jambo moja tu, kwamba katika ugomvi ule mkewe alikuwa upande wake. Kila alipomlalamikia kuhusu zile ghasia, mkewe alijibu neno moja: "Watapunguza."

Basi simu ikapigwa, dada akasihi, na Jumamosi moja saa tatu asubuhi kijana akasimama mlangoni mwa chumba cha kazi. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini sasa, mikono ina makovu madogo ya cheche.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Ni kazi tu." Alitoa kanda iliyofungwa kwenye leso akaiweka mezani, lakini hakuondoa mkono wake juu yake. "Nina sharti moja. Usiisafishe. Isikilize ilivyo, kwa sauti kubwa, mwanzo mpaka mwisho. Ni dakika kumi na moja. Mama yuko karibu na mwisho."

"Sawa."

"Baba."

"Nimesema sawa, mwanangu. Mimi si mtoto."

Kijana akaondoa mkono. Akaaga kwenda kumwona dada yake, akasema atarudi saa kumi.

Nami siwezi kusema fundi alidanganya. Alikusudia kweli kutimiza. Aliihamishia kanda kwenye kompyuta kwanza, kama mtu yeyote wa kazi yake angefanya, maana kanda ilikuwa kuukuu. Kisha akavaa hedifoni, akakaa wima, akabonyeza. Kelele zikamvaa. Sekunde arobaini alijikaza kisabuni, meno yameumana, jasho linamtoka kwapani. Akasimamisha. Akaruka mbele mpaka dakika ya tisa, na mle ndani, chini kabisa, kitu kama mtu kikapita. Mikono yake haikumuuliza tena, ikaanza kufanya ilichozoea kufanya.

Kazi yenyewe ni hivi. Unaionyesha kompyuta kipande cha kelele tupu, unaiambia hii ndiyo takataka, nayo inapita kila mahali ikiondoa chochote kinachofanana nayo. Fundi aliipitisha mara tatu. Gita likaondoka, ngoma zikaondoka, mngurumo mrefu uliokuwa chini ya vyote ukaondoka. Ikabaki sauti nyembamba ya mwanamke, kana kwamba anaongea ndani ya bomba, na mwanzo wa maneno yake umeliwa.

"...zeni kidogo... baba yenu..."

Fundi alilia. Hakutafuta bisibisi. Aliirudia sauti ile mara kumi, ishirini, na kila mara aliikamilisha mwenyewe bila kujua kwamba anaikamilisha: Punguzeni kidogo, baba yenu anarekodi. Ni nani angesema hivyo kama si yeye? Alikuwa akimlinda. Furaha ilimzidi mpaka akamwita fundi cherehani, akamvika hedifoni.

"Ni yeye kabisa," jirani alisema, ingawa mtu yule hujulikana kwa kukubali kila kitu. "Anawaambia wapunguze. Alikuwa anakutetea, ndugu yangu."

"Umesikia eeh?"

"Si nina masikio?"

Saa kumi kijana aliporudi, fundi alikuwa ameshaandaa kiti na chai. Alimpa hedifoni kwa mikono miwili, uso wake unang'aa kama wa mtu anayekabidhi zawadi. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kumpa mtoto huyu zawadi ya namna hiyo. Kijana alisikiliza mara moja tu. Akavua hedifoni, akaiweka mezani polepole.

"Umeisafisha."

"Kidogo tu, ili asikike. Msikilize mama yako, mwanangu. 'Punguzeni kidogo.' Hata yeye."

"Baba, mama hakusema hivyo."

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Na jirani kamsikia."

"Uliisikiliza yote, kama nilivyokuomba?"

Fundi aliangalia chai. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliona haya, na haya hiyo ilimfanya asibishane. Kijana hakupaza sauti. Aliichukua kanda yenyewe, akaitia kwenye deki, akaiunganisha kwa nyaya na zile spika mbili kubwa, akazungusha kitufe mpaka alama ambayo fundi hakuwahi kuifikisha kwa ajili ya mteja yeyote. "Kaa, baba," alisema. "Ni dakika kumi na moja tu."

Mwanzo ulikuwa kama alivyoujua, shambulio. Kalamu zilitembea juu ya meza. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake akachungulia, akaona nyuso zao, akarudi kwake bila neno, jambo ambalo halijawahi kutokea. Fundi alishika magoti yake. Dakika ya tatu alitaka kusimama. Dakika ya nne kelele ziliacha kuwa kitu kinachomjia, zikawa mahali alipo, kama unavyokaa ndani ya nyumba ya bati mvua inaponyesha mpaka husikii tena tone moja moja. Na humo ndani akaanza kusikia kilichokuwa kikienda polepole chini ya ile haraka yote: tuni ya noti nne tu, nzito, inayoshuka, inayorudi, inayoshuka tena. Ilikuwa ni maombolezo. Miaka tisa alikuwa ameiita takataka, na yalikuwa maombolezo.

Dakika ya tisa mlango ulilia kwenye kanda. Aliujua mlango ule, bawaba yake ilikuwa haijawahi kutiwa mafuta. Kisha mwanamke akapiga kelele. Hakuongea, alipiga kelele, kifua wazi, kama wanavyoitana watu waliozoea kuongea juu ya mashine.

"Ongezeni kidogo! Baba yenu kaenda mjini, harudi sasa hivi!"

Akacheka. Kicheko kile fundi hakuwa amekisahau, kwa sababu hakuwahi kukisikia.

Na kelele zikaongezwa. Ndani yake, kwa dakika mbili zilizobaki, mke wake aliimba. Hakukuwa na maneno. Aliifuata ile tuni ya noti nne kwa sauti ndefu iliyojaa, akiivuta mpaka pumzi inapoisha, akipumua, akiivuta tena, na kelele zilimbeba kila alipokwenda. Zile sauti ndefu kompyuta ilikuwa imeziona kama mngurumo tu. Zilikuwa za kwanza kuondolewa.

Kanda ikafika mwisho, ikakatika. Mtaa mzima ulikuwa kimya.

Fundi alikuwa na mambo mengi moyoni kwa wakati mmoja na yote yalimuuma. Alifurahi, maana sauti ilikuwa imerudi na alijua haitamtoka tena. Aliona wivu kama kijana wa miaka ishirini. Na aliona aibu, aibu nzito ya mtu aliyekaa na mwenzake miaka thelathini na minne akimjua nusu.

"Alikuwa akiimba hivyo siku zote?" aliuliza.

"Kiwandani, ndiyo. Alituambia. Alisema mashine zikianza kuvuma hakuna anayekusikia, basi unaimba unavyotaka mpaka jioni. Alisema sisi tumemletea kiwanda nyumbani." Kijana alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwishia. "Kila ulipotoka kwenda mjini alikuja kukaa nasi."

"Kwa nini hakuniambia? Mimi ningemrekodi. Mimi, kazi yangu ni nini?"

Kijana aligeukia nyuma ya chumba. Macho yake yalipanda juu ya pazia, yakatua pale, yakashuka.

"Taa ilikuwa inawaka, baba."

Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali. Chai ya kijana ilikuwa imepoa, na kutoka kibandani kwa jirani cherehani ilianza tena, taratibu, kama inayoomba ruhusa.

Kisha fundi aliinama chini ya meza, akavuta kitu kilichofunikwa kitambaa. Ilikuwa ile amplifaya. Miaka tisa alikuwa akiipangusa vumbi na kuijaribu kila mwezi isije ikaharibika, ikimngoja mwenyewe. Alifungua skrubu nne, akatoa spika, akailaza mezani karatasi ikitazama juu: nyeusi, nzima, haina mkunjo, kazi ya mikono yake mwenyewe. Akafungua droo, akatoa wembe mpya ungali kwenye karatasi yake, akamsogezea mwanawe.

"Ulichana wapi?"

"Baba, si lazima."

"Nimekuuliza wapi."

Kijana aliweka kidole kwenye karatasi ya spika. "Hapa. Kutoka katikati kwenda pembeni. Mistari mitatu."

Fundi aliishika spika ukingoni kwa viganja viwili, akaikandamiza mezani isitikisike.

"Haya," alisema. "Chana."